Mbona vidole vinaganda na kwapani kuna moto?

boda_wa_milimani: Jamani mi napiga boda Kabale, huku milimani Uganda, saa kumi na mbili asubuhi ukungu umejaa, vidole vinakufa ganzi hata breki sizisikii, kucha zinapauka, lakini nikiweka mkono kwapani kuna moto kabisa. Damu si ni ileile? Jamaa wa steji wanasema nianze na waragi, ile pombe kali.

nesi_mstaafu: Damu ni ileile bwana ila haigawanywi sawa. Ubongo unataka moyo na maini vibaki kwenye nyuzi 37 hivi, baridi ikipiga mishipa midogo ya vidoleni inajibana, damu inabaki ndani, ndo maana kucha zinapauka. Ukishuka Gulu, kule kaskazini kwenye joto, mchana inakuwa kinyume, mishipa inapanuka, damu inaleta joto kwenye ngozi na jasho likikauka linaondoka nalo.

mama_wa_sokoni: Waragi achana nayo! Inafungua mishipa unajisikia moto kumbe joto ndo linakutoka. Afu na abiria mgongoni?

nesi_mstaafu: Kweli. Vaa glavu na ufunge kifua vizuri, kifua kikiwa na joto la kutosha damu inaachiwa mpaka vidoleni.

boda_wa_milimani: Zipu ya jaketi iliharibika tangu Januari 😂 webale nyo, asanteni sana.