Nimebakisha wiki mbili nipimwe uzito jeshini, nifanyeje? (mjadala wa 2024, kwa kanuni za wakati huo)

Askari_wa_Texas: Habari zenu ndugu zangu. Niko jeshi la Marekani mwaka wa pili sasa, mtoto wa Eldoret, miaka 24, na nimezidi paundi 11 kwa urefu wangu. Wenzangu hapa wananiambia nisile siku mbili halafu nikimbie nimevaa nguo za plastiki mpaka jasho litiririke, mwingine amenipa vidonge vya kuharisha. Naogopa kuwekewa flagi, yaani alama ya zuio kwenye faili, maana ikishawekwa hupandi cheo wala huendi kozi na nyumbani wananiangalia mimi. Kuna mtu amepitia hii?

DadaBuluu: Mdogo wangu vidonge hivyo tupa leo leo. Mimi nilimeza, nikakaa siku moja na nusu bila maji, mizani nikapita vizuri tu. Kesho yake tuko kwenye matembezi ya mizigo nikaanguka, ulimi umegandana juu mdomoni, na mkojo jioni ulikuwa mweusi kama strungi. Daktari akasema misuli imeanza kuvunjika na uchafu wake unaziba figo. Na uzito ulirudi wote ndani ya siku tatu kwa sababu nilichopunguza kilikuwa maji, mafuta yalibaki palepale!

Mzee_wa_Kikosi: Kaka tulia kwanza, kuzidi mizani sio kufeli. Ukizidi unapigwa tepu, yaani unapimwa kiuno ili wakadirie mafuta ya mwili, na tangu 2023 ni kitovuni peke yake, zamani walikuwa wanapima na shingo. Mwanaume wa miaka 21 hadi 27 anaruhusiwa mafuta 22% kwa hiyo mwenye misuli anapita hata mizani ikikataa. Chukua tepu ya fundi cherehani ujipime asubuhi, usivute tumbo ndani. Halafu hata jeshi lenyewe likikuweka kwenye programu ya kupunguza uzito linataka upunguze paundi 3 mpaka 8 kwa mwezi, sasa wewe 11 kwa wiki mbili za nini? Unakunywa nini ukiwa zamu ya usiku?

Askari_wa_Texas: Soda mbili au tatu mzee, na chipsi saa nane usiku kwa sababu mesi imefungwa.

Mzee_wa_Kikosi: Basi anzia hapo. Beba mayai na maji, soda acha kabisa, na usiruke chakula cha mchana maana ndicho kinakufanya uvamie chipsi usiku.

Askari_wa_Texas: Nimejipima leo, inchi 35 na nusu, kwa kilo zangu inatoka kama 21.5%, nimepita kwa tundu la sindano. Vidonge nimevimwaga chooni. Dada, figo zinaendeleaje lakini?