Seli zangu za haploidi hazinipi majibu, mkutano wiki tatu zijazo. Naombeni ushauri

Kiungo_Mbali: Habari za usiku wakuu. Niko Ujerumani, mwaka wa pili wa uzamivu. Nasaka jeni kwa seli za HAP1, seli za binadamu za haploidi, yaani zenye seti moja tu ya kromosomu. Unazimwagia retrovirusi inayojipachika popote na kuvunja jeni, kisha unaleta virusi vinavyoua. Itakayobaki hai huenda imevunjikiwa jeni ambayo virusi huitegemea. Nimerudia mara mbili, jeni zinazotoka hazina kichwa wala miguu. Nirudie tena au nihamie CRISPR, ile njia ya kukata jeni unayoilenga?

Kibega: Ngoja waje wataalamu. Mimi biolojia niliishia kuchora panzi.

Mama_Wawili: Mwanangu, umekula lakini? Mdogo wangu alisoma Uturuki, akakonda mpaka tukamtumia dagaa kwa mtu. Sasa hivi ana kitambi.

Darubini: Unatumia virusi gani? Na jeni ya NPC1 imetokea?

Kiungo_Mbali: VSV yenye protini ya nje ya Ebola. NPC1 haikutokea.

Msakatonge: Hapa ndipo chai ilipozidi sukari. Ebola, mkononi mwa mwanafunzi? Wenzetu Kikwit, kule Kongo, 1995 walizikana, leo mtu anaichezea halafu anakuja kutuomba ushauri saa sita usiku. Mods, funga huu uzi.

Kibega: Chai ya rangi hiyo 😂

Darubini: Si chai. VSV ni virusi vinavyosumbua ng'ombe na farasi. Ukivivika koti la Ebola vinaingia kwenye seli kwa mlango wa Ebola, ila Ebola yenyewe haimo. Hivyo ndivyo NPC1, jeni ya mlango huo, ilivyoonekana mwaka 2011, tena kwa seli za haploidi. Ikikosekana NPC1, jaribio lenyewe limelala. Mleta mada, seli ulizigawa mara ngapi kabla ya kuzimwagia retrovirusi?

Kiungo_Mbali: Nyingi kidogo.

Darubini: Nyingi ngapi?

Kiungo_Mbali: 41. Lakini zilikuwa zinakua vizuri sana!

Darubini: Ndiyo dalili hiyo. Ikiwa na seti moja ya kromosomu, jeni ikivunjika imevunjika. Ikishajirudufu kuwa seti mbili, unavunja nakala moja na nyingine inaendelea na kazi, virusi vinaua seli kama kawaida. HAP1 zina tabia ya kujirudufu ukizilea muda mrefu, na zilizojirudufu huwameza wenzao. Ulipima kiasi cha DNA?

Kiungo_Mbali: Nilipima mwezi uliopita. Nyingi zina seti mbili. Sikumwambia mkuu wa maabara kwa sababu muhtasari wa mkutano nilishautuma, una jeni tatu. Moja inaweza kuwa ya kweli jamani. Nilifikiria niandike "matokeo ya awali" tu. Kila mtu anaandika hivyo.

Ustadh_wa_Pwani: Amana, ndugu yangu. Kuna mgonjwa mahali atakayesubiri dawa kwa karatasi yako.

Msakatonge: Kumbe uliomba ushauri ukiwa umeshavaa viatu! Kwenye chai naomba radhi, hii ya kweli ni mbaya zaidi.

Kiungo_Mbali: Mnaongea kwa urahisi kwa sababu si ninyi mnaohuisha viza.

Asali_Tabora: Nilikuwa nasoma kimya. Hii haploidi naijua kwa nyuki. Dume hutoka kwenye yai lisilorutubishwa, hana baba, ana kromosomu 16 wakati mama na vibarua wana 32. Mzinga ukikaa na damu moja, hutokea madume ya seti mbili. Vibarua huwala wakiwa funza. Nilipoteza mzinga mzuri kwa kutobadilisha malkia, nikaambiwa ni uchawi.

Darubini: Vibarua wana akili kuliko wanafunzi wangu. Mleta mada, zitupe hizo. Toa kichupa cha mwanzo kabisa kwenye friza, zipake Hoechst, rangi inayoshika DNA, zikiwa hai, chagua zenye seti moja kwa mashine ya kutenga seli, gandisha vichupa vingi siku hiyohiyo. CRISPR iache kwanza. Muhtasari uondoe kesho asubuhi.

Kiungo_Mbali: Kesho mkuu yuko safarini.

Darubini: Barua pepe haipandi ndege.

Kiungo_Mbali: Nimeandika. Sijabonyeza.

Mama_Wawili: Kula kwanza, halafu bonyeza.

Kibega: Wa Tabora, asali lita ishirini unauzaje mpaka Dar?