Brashi ya kunyolea ya marehemu babu: niipachike shungi la baja, la nguruwe au la sintetiki?

Mjukuu wa Baharia

Ndugu wanajukwaa, hamjambo. Marehemu babu yangu alikuwa baharia, na miongoni mwa vitu vichache alivyoviacha sandukuni kuna brashi ya kunyolea ya Ever-Ready, iliyotengenezwa Marekani. Ubavuni ina maneno ya Kiingereza yaliyofifia, yasemayo kwamba singa zake zimesafishwa viini vya maradhi na kwamba zimeshikizwa kwa mpira. Mpini wake una rangi ya asali, umejaa vizuri kiganjani, na hauna ufa hata mmoja. Singa ndizo zilizokwisha: za katikati zimekatika, za pembeni zimelala, na nilipoijaribu mara moja ilidondosha singa sita au saba shavuni kabla sijamaliza upande mmoja wa uso.

Nimeamua kuiondolea shungi la zamani, yaani lile fungu la singa lililofungwa na kugandishwa chini, na kuipachika jipya. Nimeona mashungi ya aina tatu yakiuzwa: ya singa za mnyama aitwaye baja, ya singa za nguruwe, na ya sintetiki, yaani nyuzi za kutengenezwa kiwandani. Mdomo wa mpini una upana wa milimita 29 kwa nje, na shungi lililomo lina milimita 20 pale linapoingia kwenye tundu. Ninaishi Mombasa, maji yangu ni ya kisima na yana chumvi, na ninanyoa kila baada ya siku mbili. Naomba waliokwisha kufanya kazi hii wanilinganishie aina hizo tatu, na wanieleze pia kipimo kinachofaa, kwa kuwa mpini huu sina wa kuubadilisha nikiuharibu.

Fundi Mkereza

Mjukuu, pole kwa msiba wa mzee na hongera kwa kukitunza alichokiacha. Kabla ya kuzungumzia singa naomba tuzungumzie mpini, kwa sababu mpini ndio utakaokuamulia ukubwa wa shungi, na wengi huanza kwa kununua shungi kisha wakaulazimisha mpini ulipokee.

Rangi hiyo ya asali inanifanya nidhani kwamba ni katalini, plastiki ya kumimina iliyoanza kuuzwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920. Chukua kitambaa cheupe, tia tone la dawa ya kung'arishia shaba, kisha sugua mahali pasipoonekana, chini ya kitako. Kitambaa kikitoka na doa la manjano, hiyo ni katalini au bakelaiti, plastiki ya jamii hiyo hiyo. Mipini mingi ya aina hii ilitoka kiwandani ikiwa na rangi nyeupe au ya maziwa, na rangi ya asali imeletwa na miaka, tena imekaa juu juu tu. Ukiupiga msasa wote utaiondoa na kukuta weupe chini yake. Mimi nisingethubutu, kwa maana rangi hiyo ndiyo aliyoishika babu yako.

Sasa hesabu ya mdomo. Milimita 29 ukitoa tundu la 20 hubaki ukuta wa milimita 4 na nusu kila upande. Shungi la milimita 22 linahitaji tundu la 22 na nusu ili gundi ipate nafasi, na ukuta utabaki wa milimita 3 na robo, ambao unatosha. Shungi la 24 litakuachia ukuta wa milimita 2 na robo, na katalini ya unene huo hupasuka siku brashi itakapoteleza mkononi na kuangukia sakafu ya saruji. Kwa hiyo ukubwa wako ni 22, wala usishawishike na picha za mashungi manene.

Kulitoa shungi la zamani ni kazi ya subira. Lowesha singa, zikate kwa mkasi hadi zibaki fupi kama ukucha, kisha funga mpini kwenye jiliwa ukiwa umeuzungushia kitambaa kizito. Toboa tundu dogo katikati ya kile kizibo cha mpira kinachozishika singa, halafu mengine kulizunguka, mpaka kizibo kikose nguvu, ndipo ukibomoe kuelekea ndani kwa bisibisi nyembamba. Mpira wa umri huo huwa umekauka na hutoka vipande vipande kama makaa. Usiuchemshe mpini kwa kutaka kulainisha mpira: katalini haiyeyuki kwa moto, lakini maji yanayochemka huweza kuipasua na kuibadilisha rangi. Kulipanua tundu, usitumie biti kubwa ya drili. Zungushia msasa kwenye kijiti cha mbao, uloweshe maji, na usugue kwa mkono huku ukipima kila baada ya muda mfupi. Vaa barakoa, kwani vumbi la katalini lina kemikali za fenoli na fomaldehaidi ndani yake, na utaitambua harufu yake mara moja, kwa maana inafanana na dawa ya kusafishia sakafu za wodi.

Kuhusu aina ya singa nitawaachia wengine waanze.

Msafiri wa Leicester

Mimi natumia baja huu ni mwaka wa tisa, na nitamtetea kwa moyo wote. Kwa wasiomfahamu, baja ni mnyama wa Ulaya na Asia, wa jamaa moja na nyegere wa kwetu. Singa yake ni nene katikati na nyembamba kwenye ncha, na kwa umbo hilo brashi huwa na uti wa mgongo chini huku juu ikiwa laini kama pamba. Hubeba maji mengi kuliko aina nyingine zote, na povu lake hubaki na joto usoni, jambo ambalo katika baridi ya Uingereza ni neema kubwa.

Ila nitasema na upande wa pili, kwa kuwa ndugu yetu anataka ulinganisho wa haki. Baja ndiye ghali kuliko wote, na yale mashungi ya ncha nyeupe huuzwa kwa bei mara kadhaa ya shungi la sintetiki. Singa karibu zote zinazouzwa zinatoka China, kwa kuwa hapa Uingereza baja analindwa na sheria ya mwaka 1992, na wapo wanaojiuliza wanyama hao wanatendewaje. Mimi mwenyewe shungi langu likichakaa sidhani kama nitanunua jingine la baja.

Povu Zito

Naomba niwatetee nguruwe, ambao husahauliwa kwa sababu ya bei yao ndogo. Singa ya nguruwe ni ngumu, hukwangua sabuni kavu ya kopo vizuri kuliko baja, na husugua ngozi kiasi cha kuinua ndevu zilizolala. Sharti lake ni mawili. Kwanza, ni lazima iloweshwe dakika chache kabla ya kunyoa, la sivyo inameza maji yote na kuacha povu kavu. Pili, wiki za mwanzo huchoma, mpaka ncha zipasuke mbilimbili, ndipo zinapokuwa laini huku shina likibaki na nguvu. Nilitaka kuitupa yangu katika wiki ya pili, nami leo naishukuru subira. Kwa shungi la 22 la nguruwe ningekushauri kimo cha singa juu ya mpini kisichopungua milimita 54, kwa sababu likizamishwa sana huwa kama brashi ya kupigia rangi ukuta.

Kwa kukadiria tu, huenda hata shungi la babu lilikuwa la nguruwe. Zamani singa za nguruwe zilipakwa mstari wa rangi nyeusi ili zifanane na za baja. Utazijua kwa kuchukua singa moja na kuitazama kwenye mwanga: ikiwa shina ni nene na ncha imepasuka, ni nguruwe.

Daktari wa Mifugo

Nakatiza kidogo, kwa kuwa maneno hayo ya ubavuni hayakuandikwa kwa mapambo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, watu zaidi ya 200 nchini Uingereza na Marekani, wengi wao askari, waliugua kimeta kwa sababu ya brashi za kunyolea. Vita vilikuwa vimevuruga njia za biashara, na singa za farasi kutoka Asia zilifika viwandani bila kusafishwa ipasavyo. Kidonda kidogo cha wembe kilitosha kuwa mlango. Mwaka 1920 Uingereza ikazuia brashi kutoka Japani zisiingizwe nchini, na watengenezaji wakaanza kuwahakikishia wateja kwa kuandika kwamba bidhaa zao zimesafishwa.

Sisemi kwamba brashi hii ina kimeta. Hatari hiyo ni ndogo mno, hasa kwa brashi yenye maandishi hayo. Lakini mbegu za kimeta huishi miaka mingi sana, wafugaji wetu wanalijua hilo kwa kuona malisho ya zamani yakiua ng'ombe upya, na kuchemsha nyumbani si njia ya kutegemea. Kwa hiyo usinyolee tena kwa singa hizo. Zikate zikiwa mbichi kama alivyosema Fundi, vaa glavu, usizipulize wala kuzikung'uta, na zikishatoka zifunge ndani ya mfuko na kuzitupa.

Mwana wa Ustadhi

Ndugu Mjukuu hakulitaja jambo hili, lakini kwa mtu wa pwani haliwezi kupitwa. Kwetu sisi tunaofuata madhehebu ya Shafii, nguruwe ni najisi pamoja na singa zake, na brashi hugusa uso ukiwa na maji. Baja naye hatoki salama, kwa kuwa ni mnyama asiyechinjwa kisheria, na nywele za mzoga katika kauli mashuhuri ya madhehebu yetu zina hukumu ya najisi. Sintetiki haina mjadala huu. Nayasema haya kwa anayehusika nayo tu, na ndugu wengine waendelee kulinganisha kwa faida ya wote.

Binti Kinyozi

Nimekulia katika kibanda cha kinyozi cha baba, na sasa nakiendesha mimi. Kwa miaka mingi nilikataa sintetiki kwa sababu zile brashi za nailoni za zamani zilikuwa kama ufagio: ngumu, zinarusha maji, na povu lake lilikuwa na mapovu makubwa yaliyopasuka kabla ya wembe kufika. Nyuzi za sasa ni kitu kingine kabisa. Zimechongwa ncha mpaka zikawa nyembamba, na ile aina nyeusi yenye ncha nyeupe, iitwayo Tuxedo, ukiibonyeza shavuni hutawanyika taratibu kama kitambaa.

Sasa nisikilize kuhusu Mombasa. Hewa yenu ina unyevu, na brashi ya singa za mnyama ikioshwa asubuhi mara nyingi jioni bado ni mbichi katikati. Nimewahi kuipanua ya mteja nikakuta ukungu wa kijani kwenye shina la singa, ingawa kwa nje ilionekana safi. Sintetiki ukiikung'uta mara tatu na kuisimamisha penye upepo, baada ya saa chache imekauka. Haihitaji kuloweshwa, haichukui muda kuzoea, na haimezi sabuni. Hilo la mwisho lina uzito kwako, kwa kuwa maji ya chumvi hula sabuni, na unahitaji povu lako lote lifike usoni badala ya kubaki ndani ya singa. Kasoro yake ni kwamba haibebi maji mengi, kwa hiyo uongeze tone moja moja unapokoroga, usiichovye yote kwa pamoja. Tena haihifadhi joto kama baja, lakini sioni ni nani Mombasa anayelitafuta joto hilo.

Fundi Mkereza

Nakubaliana na Binti kwa mazingira hayo. Nguruwe ningemchagua kwa mtu wa nyanda za juu mwenye sabuni ngumu, na baja kwa mwenye fedha na baridi. Kwa sintetiki kumbuka kwamba nyuzi zake zina mkurupuko wa kurudi nyuma, kwa hiyo usizizamishe sana. Shungi la 22 likiwa na urefu wa milimita 65 kwa jumla, zamisha 13 ili kimo kibaki 52. Tundu la mpini huo likishasafishwa huenda likawa na kina cha 20, basi kata kisahani cha mbao cha milimita 7 ukiweke chini. Usigandishe kwanza. Zungushia kitako cha shungi jipya utepe wa karatasi, lichomeke shungi, na unyoe nalo mara mbili tatu. Ukiridhika na kimo, ndipo utumie gundi ya epoksi ya mirija miwili, kiasi kidogo tu, kwani ikizidi hupanda kwenye mizizi ya singa na kuigandisha, na hapo hakuna dawa.

Mjukuu wa Baharia

Nawashukuru sana nyote. Nimechagua sintetiki, kwa sababu alizozitaja Mwana wa Ustadhi na kwa sababu ya ukungu.

Kitambaa kilitoka na doa la manjano kama bizari. Kizibo cha mpira kilinichukua jioni mbili, na chini yake tundu lilikuwa na kina cha milimita 19, nami nikaanza na kisahani cha 4. Sikuugusa mpini kwa msasa kwa nje, niliufuta kwa kitambaa chenye maji tu. Nilijaribu kwanza kimo cha 50 nikaona shungi linanisukuma uso, nikaongeza washa mbili nyembamba hadi likafika 52, na pale pale likatulia. Singa moja ya zamani niliitazama kwenye mwanga kabla ya kuzifunga mfukoni: shina nene, ncha imepasuka, na rangi nyeusi imeishia katikati kwa mstari ulionyooka mno. Povu Zito alikisia sawa.

Epoksi imeshika tangu juzi. Leo asubuhi nimenyoa nayo kwa sabuni ya kopo na maji yale yale ya kisima. Ilinibidi niongeze maji mara nne, na povu lilitosha kupita uso mara mbili, likabaki kidogo shingoni.