Naombeni ushauri: vyakula vya makopo vilivyokaushwa kwa kugandisha, nianze na vipi? (Niko Mwanza)

MamaTulia_Mkolani
Habari za jioni wakuu. Niende moja kwa moja kwenye mada. Nataka kuweka akiba ya chakula nyumbani, ya miezi mitatu, kwa watu wanne. Nimepata mtu anayeleta kutoka Marekani vile vyakula vilivyokaushwa kwa kugandisha, makopo makubwa ya kama lita tatu, anasema vinakaa miaka 25 bila friji. Kanitumia orodha: stroberi, njegere, mahindi matamu, nyama ya kusaga, vipande vya kuku, mayai ya unga, wali na kuku, makaroni. Bajeti yangu inatosha makopo kumi. Kwa aliyewahi kutumia, nianze na vipi? Na joto la huku kwetu vinalivumilia? Naomba ushauri wa kujenga, kejeli hapana. Nahitaji jibu kabla ya Ijumaa.

Kigoda cha Pasiansi
Miaka 25! Mimi dagaa wa wiki mbili tu wameshanigombanisha na mama mwenye nyumba. Ngoja waje wataalamu, nimeshavuta kigoda.

Mzee wa Kihenge
Mwangaluka mayu, yaani za asubuhi mama, hata kama ni jioni. Mambo ya makopo siyajui, ila akiba naijua. Kwetu Magu kulikuwa na vihenge vitatu uani, na mama alikuwa na mitungi ya michembe na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na nsansa ya majani ya kunde imefungwa kwenye vitambaa. Mvua ikigoma tulikuwa tunachemsha michembe na kunywea maziwa ya mgando. Nilikuwa naichukia ile kitu, leo nikiiona sokoni nanunua hata kama sina njaa. Baadaye miaka ya themanini akaingia yule dumuzi tuliyemwita Scania, anatafuna mahindi hadi kihenge kinabaki unga. Toka hapo watu wakahamia magunia na dawa. Siku hizi kuna ile mifuko ya kinga njaa, ya plastiki mbili ndani na kiroba nje. Ukikausha mahindi vizuri ukafunga kwa kukaza, mdudu anakosa hewa anafia humo humo. Ila kausha kweli kweli. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu ya kwenye mahindi. Sasa wewe mayu, umekosa nini kwenye mchele na maharage hadi uende Marekani?

Dada wa Mwaloni
Nakazia swali la mzee. Kama ni cha kukaa muda mrefu bila friji, hapa Mwaloni Kirumba kuna dagaa, kuna kayabo (sangara wa chumvi), wanapakiwa kila siku kwenda nchi za watu. Karibu mdogo wangu, nikuchagulie waliokauka juu ya chanja, sio wa mchanga unaotafuna huku meno yanalia. Na mbona "kabla ya Ijumaa"? Ijumaa kuna nini?

MamaTulia_Mkolani
Asanteni. Mzee, shikamoo. Mchele na maharage navijua, ila nahitaji kitu tofauti. Dagaa wananuka, halafu wanaonekana. Ijumaa ni muuzaji tu anafunga oda. Naomba tubaki kwenye mada.

Mpagazi Mstaafu
Haya, nijibu alichoulizwa mtu. Nilibeba mizigo Kilimanjaro miaka minane, njia ya Machame, hivi vyakula nimevila vya kuachiwa na wageni. Chakula kinapikwa, kinagandishwa hadi nyuzi 40 hivi chini ya sifuri, halafu mashine inavuta hewa yote, ile barafu inageuka mvuke bila kupitia maji. Maji karibu yote yanatoka, umbo linabaki vile vile. Ndiyo maana pakiti ni nyepesi kama haina kitu. Unamwaga maji ya moto, unafunga, unasubiri dakika kumi. Pale Barafu, juu ya mita 4,600, maji yanachemka kabla hayajawa moto wa kutosha, wali unatafuna kama changarawe. Nilimwambia mgeni mmoja Mjerumani kwamba hata mama yangu akipika kwa kuni mbichi anaivisha kuliko hivi. Akacheka, akanipa pakiti mbili.

Kwa ushauri: njia hii inafaa kwa matunda, mboga, mayai na nyama isiyo na mafuta mengi. Mafuta yanachacha hata ukikausha vipi. Nafaka usilipie. Mchele mweupe mkavu, ukifungwa bila hewa mahali pa baridi, unakaa miaka kama hayo makopo. Kwa hiyo "wali na kuku" na makaroni futa. Joto: ile miaka 25 wanaihesabu kwa chumba cha baridi. Chini ya bati la Mkolani mwezi wa kumi, toa kadhaa. Na kopo likishafunguliwa hesabu ni wiki, sio miaka. Swali langu: huwa mna maji ya uhakika?

Kigoda cha Pasiansi
😂😂 Hapo ndipo. Mtu ana makopo kumi ya chakula kikavu, bomba linatoa upepo siku ya tano, ziwa analiona dirishani. Atabugia stroberi na mate.

Dada wa Mwaloni
Mimi nimeganda kwenye neno moja. Dagaa "wanaonekana". Wanaonekana na nani?

Mama Mchungaji wa Igoma
Binti yangu, mwanamke anayeficha chakula ndani ya nyumba yake ana tatizo ambalo kopo haliliondoi. Mimi niliolewa nikakuta mawifi watano. Nilipika sufuria moja, tulikula wote, na leo hao mawifi ndio wananiuguza. Mithali 31 inasema mke mwema huamka kungali usiku akawapa watu wa nyumbani mwake chakula. Haijasema alikiweka uvunguni.

MamaTulia_Mkolani
Sijasema nimeficha. Lakini kwa kuwa mnataka kujua: nyumbani tuko tisa. Mimi, mume na watoto wawili. Waliobaki ni wifi yangu na wanawe wawili, na mashemeji wawili. Walikuja "kusalimia" mwezi wa pili. Mume yuko mgodini Geita, anarudi kila baada ya wiki sita, hayaoni haya. Nikinunua mchele kilo 25, siku ya tisa nasikia kijiko kinakwangua ndoo. Nikiweka sukari chumbani, wifi anaingia "kutafuta chaja". Hivi vya makopo nilivipenda kwa sababu vimeandikwa kizungu na haviko kama chakula. Hakuna mtu atakayejua ni nini. Sio uchoyo. Nataka siku watoto wangu wakilala njaa, niwe na kitu.

Fundi Bati Buhongwa
Dada umenigusa. Mimi nilikuwa shemeji wa namna hiyo kwa kaka yangu Nyakato mwaka mzima, nakula tu, nasema natafuta kazi. Siku moja shemeji akapika ugali akaugawa kwa kupima na kikombe cha chai. Nilihama siku hiyo hiyo. Kopo halihitajiki, kikombe kinatosha.

Mpima Chai
Samahanini wakuu, mimi nimeanza kuhesabu. Posti ya kwanza: watu wanne. Posti ya tatu: watu tisa. ID imejiunga jana. Orodha ya bidhaa imepangwa vizuri kuliko ya duka. Hii ni chai, tena ya maziwa na tangawizi. Kinachofuata ni "nimepata muuzaji mwaminifu, mwenye kuhitaji anifuate inboksi". Modi uangalie huu uzi, kuna mtu anauza makopo.

Kigoda cha Pasiansi
Ehee! Na mimi nilishangaa, mtu wa Mkolani anajua stroberi kabla ya furu, samaki wa ziwa letu.

Mama Mchungaji wa Igoma
Kumbe ni biashara? Na nimekesha namwombea.

MamaTulia_Mkolani
Mimi sio muuzaji. Wanne ni wanne ninaotaka wale. Mmeelewa sasa?

Na mkitaka ushahidi, muuzaji alinipa pakiti mbili za kuonja. Stroberi nilifungua asubuhi. Ziko kama maganda ya karanga mkononi, hazina uzito, ukizitia mdomoni zinavunjika halafu zinanata kwenye meno ya juu, utamu unakuja nyuma. Nikaziacha kwenye kisosi dirishani, nikaenda kazini. Jioni zimelainika kama sifongo, na ni unyevu tu wa hewa, sikumwagia maji. Njegere nilizificha kwenye mfuko wa kaki nyuma ya mkaa. Jumapili natoka kanisani nakuta wifi kawamwagia kuku. Ananiambia, "Wifi, hiki chakula cha kuku ulichonunua hawakipendi, kinawakwama."

Dada wa Mwaloni
😂😂😂 Nimeangusha beseni. Hii sio chai, hii imetokea. Mtu hawezi kutunga kuku.

Mpima Chai
Kuku nakubali. Nimefuta shutuma moja. Bado moja: mke wa nyumba ya watu tisa, mume yuko Geita, kilo 25 zinaisha siku ya tisa. Pesa ya makopo kumi ya Marekani inatoka wapi? Na Ijumaa, Dada wa Mwaloni aliuliza, ukakwepa.

MamaTulia_Mkolani
Nilikuwa nayo.

Dada wa Mwaloni
Mdogo wangu, hapa hatukujui. Sema.

MamaTulia_Mkolani
Nimeshalipa 700,000 ya kutangulia. Jumla ni 1,450,000, Ijumaa namalizia au oda inafutwa na ya kwanza hairudi. Pesa ni ya mpunga. Mama mkwe alileta magunia tisa kutoka Kwimba baada ya mavuno, tumtunzie hadi bei ipande. Niliyauza 85,000 kila moja. Nyumbani nimesema yako mashineni yanakobolewa. Sikuiba, nimebadilisha chakula kwa chakula. Na ule mpunga wangeumaliza wao wao.

Mzee wa Kihenge
Umeuza mpunga wa mkweo. Kwa bei ya mavuno.

Fundi Bati Buhongwa
Toka mwezi wa sita yako mashineni? Hiyo mashine inakoboa punje moja moja.

Mpagazi Mstaafu
Dada, nilikujibu kama mtu anayechagua. Kumbe umeshachagua. Basi chukua kalamu.

Mtu mzima weka kalori 2,000 kwa siku. Wanne ni 8,000. Kopo la stroberi lina gramu kama 200 tu ndani, kalori hazifiki 1,000, umelipia wekundu. La nyama lina zaidi, la njegere kiasi. Hata nikupe wastani wa 2,000 kwa kopo, makopo kumi ni 20,000. Hiyo ni siku mbili na nusu. Sio miezi mitatu, siku mbili na nusu.

Sasa mpunga. Magunia tisa, sema kilo 80 kila moja, ni 720. Ukikoboa unabaki na mchele kama kilo 450. Kilo ya mchele ni kalori 3,600 hivi. Inakuja 1,620,000. Gawa kwa 8,000 yako. Siku 202. Hata kwa wote tisa, ni miezi mitatu mizima, ile ile uliyoomba.

Kigoda cha Pasiansi
Nimerudia hiyo hesabu kwa simu. Ni kweli. Nimeacha kucheka.

MamaTulia_Mkolani
Aliniambia kila kopo ni milo 24.

Mpagazi Mstaafu
Mlo wao ni kikombe. Kule mlimani pakiti ya watu wawili nilikuwa naila peke yangu halafu naenda kuomba ugali kwa mpishi. Soma kalori nyuma ya kopo, milo achana nayo. Usimalizie hiyo hela ya Ijumaa. 700,000 mwombe akupe makopo ya thamani hiyo, chukua mayai na nyama tu, stroberi muachie. Iliyobaki ya mpunga unayo?

MamaTulia_Mkolani
65,000. Ya Ijumaa nilitaka kukopa kwenye kikoba.

Mama Mchungaji wa Igoma
Usikope! Mpigie mumeo leo, umwambie wewe mwenyewe kabla mama yake hajamwambia. Akiwa Geita atapata muda wa kupoa njiani.

Dada wa Mwaloni
Nakazia. Na bei ya mpunga wiki hii Mwanza imeshapita 100,000, utaununua kwa hasara, ila magunia mawili matatu yakionekana pale sebuleni yanapunguza kelele. Mimi nina mteja wa mchele Igoma, naweza kukuombea mkopo wa gunia. Nakuandikia inboksi, na Mpima Chai asianze.

Mpima Chai
Sianzi. Mleta uzi, mama mkwe anakuja lini?

MamaTulia_Mkolani
Alikuwa anakuja mwezi wa kumi na mbili. Jana kapiga, kapata mnunuzi. Wifi ndiye aliyepokea simu, kamwambia mpunga uko mashineni. Mama kasema basi ataenda mashineni mwenyewe auchukue mchele. Kapanda gari asubuhi Ngudu.

Naona ujumbe wa wifi sasa hivi. Ameshashuka Buhongwa, anauliza ni mashine ya nani.