"Hata toroli lina breki kuliko hii" — leo yule mtu wenu kanimaliza

Popo Mwenye Miwani:
Wakuu, naandika mafuta mekundu ya breki za ndege bado yako sikioni. Yule mtu wenu, simtaji, mnamjua, yule ambaye ushauri wake hutangulia kufika kabla ya salamu, leo kanidhalilisha mpaka ndege imeinamisha pua.

Wiki tatu nimening'inia kichwa chini miguu juu ndani ya ndege niliyoiunga kwa mikono yangu. Nimeng'oa paipu za breki za plastiki zilizokuwa njano kama meno ya mzee, nimeweka za Tefloni zilizosukiwa waya wa chuma. Leo natoa upepo kwenye breki. Niko chini ya gurudumu, nasukuma mafuta kwa kimpira kutoka kwenye kalipa, ile inayobana diski ya gurudumu, yapande mpaka kwenye kopo la mafuta kule juu, maana kiputo cha hewa hupanda, hakishuki. Bwana kaingia bila hodi, kapenyeza mguu, KAKANYAGA PEDALI. Kimpira kikachomoka, mafuta yakanijaa usoni. Wala hakuniomba radhi! Kawageukia watu: "Hata toroli lina breki kuliko hii."

Toroli! Wakuu, gurudumu langu la pua linajizungukia tu, nikiwa chini nakata kona kwa breki ya kushoto na ya kulia, sina usukani mwingine. Halafu toroli? Toroli lina breki tangu lini? Na watu wakacheka. Hata yule ninayemwazima spana akacheka.

Toroli!!

Spana Kumi:
Pole mkuu. Wiki tatu kwa paipu mbili? Hiyo ndege utairusha wewe au mjukuu?

Bawa Moja:
😂😂 Nilikuwepo. Hajawaambia alipiga kelele gani.

Mama Riveti:
Wewe umeogeshwa tu, shukuru. Mimi huyohuyo alinimiminia mafuta ya breki ya gari, DOT 3, eti "yote si mafuta tu?" Oringi zangu, vile vimpira vya duara vya kuzibia mafuta, ni za naitrili, havipatani na DOT 3, zikavimba kama shavu la mwenye jino bovu. Nikafungua mfumo mzima upya.

Mzee wa Hanga:
Kwangu alizungushia viungo tepu nyeupe ya mafundi bomba. Kiungo cha ndege kinaziba kwa mdomo wa paipu uliopanuliwa nyuzi 37, si kwa meno ya nati! Kisha akaazima kifaa changu cha kupanulia, akarudisha cha gari, cha nyuzi 45. Mpaka leo anabisha kuwa ndicho alichochukua.

Spana Kumi:
Mzee, hicho kifaa si ulikiazima kwangu?

Mzee wa Hanga:
Tusifike huko.

Popo Mwenye Miwani:
Jamani, uzi unahusu MIMI. Kaniambia hata TOROLI.

Bawa Moja:
Lakini mkuu, tuwe wakweli, toroli la mizigo kule viwanja vikubwa vya ndege lina breki. Ukiachia mkono linasimama lenyewe.

Mama Riveti:
Hilo kweli. Ila toroli la zege halina.

Popo Mwenye Miwani:
ALIMAANISHA LA ZEGE.

Spana Kumi:
Ulimuuliza?

Bawa Moja:
Mama Riveti, ya zege yapo pia yenye breki ya kubana kama baiskeli. Nililiona moja limeshuka mteremko na mzigo wote, likasimama palepale.

Mama Riveti:
Weka picha.