Wenye kambi na wauza safari: semeni ukweli wa maji, upepo na bamvua kabla ya kupokea hela za watu

Wakuu, salaam.

Uzi huu nimeufungua kwa hasira. Kuna watu wanapokea hela za wageni, na za ndugu zetu wa hapa hapa, ili wakalale kwenye mahema mahali ambapo wao wenyewe hawawezi kulala usiku mmoja. Tangazo zima ni picha ya hema, jua linazama, na bei. Maji yako wapi? Upepo unatoka upande gani? Ardhi ni mwamba au mchanga? Kimya. Mteja anafika magharibi, giza linaingia, hela imeshakwenda, na hapo ndipo anaanza kuona alichouziwa.

Naanza na pwani maana huko uongo umezidi. Picha ya "kambi ya ufukweni" inapigwa maji yamekupwa, au siku za maji mafu, yaani bahari isipojaa sana, mchanga unaonekana hauna mwisho. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti ya maji kujaa na kupwa kwenye pwani yetu inapita mita 3, na Mombasa na Unguja maji ya bamvua hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Saa kumi alfajiri! Bahari inapanda watu wote wakiwa usingizini, watoto wakiwemo. Bamvua inakuja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, na zile za Machi na Aprili, Septemba na Oktoba, ndizo kubwa kuliko nyingine. Mvuvi yeyote wa kijijini analijua hili. Mwenye kiwanja naye analijua. Anashindwa nini kuliandika?

Ukifika ufukweni acha kwanza kutazama bahari, tazama chini. Utakuta mistari miwili ya mwani. Wa kwanza mbichi, umelowa, unanuka. Wa pili uko juu zaidi, mkavu, umechanganyika na vijiti, vifuu vya nazi na chupa za plastiki. Huo wa pili ndio unaoonyesha bamvua iliyopita ilifika wapi. Hema likae nyuma yake, nyuma kabisa ya mlakasa unaotambaa kwenye mchanga, na msimu wa kusi uongeze hatua kumi nyingine kwa sababu upepo unasukuma mawimbi kuvuka kimo kinachoandikwa kwenye jedwali la maji kujaa na kupwa. Kama kiwanja hakina nafasi ya kurudi nyuma, hapo si kambi, hata kikiwa na choo cha vigae.

Halafu hawa wanaopanga mahema chini ya minazi yenye nazi ili picha ipendeze. Nazi mbivu ina kilo moja na zaidi, na mnazi mrefu unafika mita 20. Ama angua nazi zote kabla ya msimu, ama hamisha mahema. Mivinje ina kivuli kizuri, ila kagua mizizi: ufukwe ukiliwa na bahari mizizi inabaki wazi na mti unaanguka wenyewe. Kisima cha karibu na maji ya bahari mara nyingi kina chumvi, cha kuoshea vyombo tu. Na kambi iliyobanana na mikoko bila upepo ni makazi ya usubi, ambao wanapenya chandarua cha kawaida cha hema bila shida.

Mlimani wizi wao ni wa kukata siku. Kwenye njia ya Machame, Kilimanjaro, wanaondoa usiku wa kambi ya Karanga ili bei ishuke. Mtu aliyelala kambi ya Barranco, chini kidogo ya mita 4,000, analazimishwa kufika kambi ya Barafu, karibu mita 4,670, siku hiyo hiyo, kisha usiku wa manane aanze kupanda kileleni mita 5,895. Kanuni inayofahamika ni kwamba ukishavuka mita 3,000 usipandishe kimo cha kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku. Hapo wameshakupandisha 700 bila kupumzika, na ukianza kutapika wanakuambia mwili wako dhaifu. Mlima Kenya kupitia njia ya Sirimon ni yale yale: kambi ya Old Moses mita 3,300, kesho yake kambi ya Shipton's karibu 4,200. Mita 900! Dai usiku wa pili Old Moses. Wakikataa, tafuta wengine.

Jambo lingine hawalisemi: kambi ya Barafu hakuna maji. Maji ya mwisho yako bonde la Karanga, na kila lita unayokunywa juu imebebwa na mpagazi. Kampuni ikipunguza wapagazi, maji ndiyo yanapungua kwanza. Kwa hiyo uliza kabla ya kulipa: wapagazi wangapi kwa kila mteja, na usiku wa kileleni kila mtu anapewa lita ngapi. Chini ya lita 3 usikubali. Mzigo wa mpagazi mwisho ni kilo 20, kwa hiyo hesabu ya maji haiwezi kufichwa, piga mwenyewe.

Na uwanja wenyewe. Barafu ni mgongo wa mawe. Kundi linalochelewa linapewa miteremko na majirani wa vyoo. Barranco iko bondeni, baridi ya usiku inashuka na kutuama humo, na jua la asubuhi linachelewa kwa sababu ukuta wa mwamba umelikinga upande wa mashariki. Ukiruhusiwa kuchagua, panda kidogo kutoka chini kabisa ya bonde. Jiko la gesi lenye butani tupu litakusumbua baridi ikishuka chini ya nyuzi sifuri. Taka mtungi uliochanganywa propani. Mlima Kenya usiache chakula nje, pimbi hawana aibu.

Jangwani ndiko kwenye kifo. Kaskazini mwa Kenya, njia za Marsabit, Kalacha na Loiyangalani, watu wanaelekezwa kulala ndani ya laga kwa sababu mchanga wake ni laini, tambarare, na kuna kivuli cha migunga. Laga ni mto uliolala. Mvua inanyesha milimani mbali, juu yenu nyota zinawaka, na maji yanakuja usiku na magogo. Angalia vichaka vya kingoni: majani makavu na matambara yaliyonasa kwenye matawi ndiyo alama ya kimo cha mafuriko yaliyopita. Yakiwa usawa wa kifua chako, panda ukingo ukae juu zaidi ya hapo. Jangwa la Chalbi nalo ni sakafu ya ziwa la zamani: kavu inabeba lori, ikilowa inameza gari mpaka ekseli. Maji weka lita 10 kwa mtu kwa siku, kunywa na kupika, na akiba ya siku moja.

Loiyangalani picha zao ni za mchana. Upepo wa Ziwa Turkana unatoka kusini mashariki na unapamba moto usiku hadi asubuhi. Mlango wa hema uelekee kaskazini magharibi, gari liegeshwe upande wa upepo.

Na neno "kambi maalumu" mbugani acheni kuliuza kama hoteli. Maana yake mko peke yenu; mara nyingi hakuna choo wala bomba.

Tunachotaka ni maneno machache kwenye kila tangazo: kimo, chanzo cha maji, upande wa upepo, aina ya ardhi, na kwa pwani umbali kutoka mstari wa bamvua. Asiyeandika, tusimpe hela.

NYONGEZA: Mmeuliza vigingi. Kwenye mchanga vigingi vya waya havishiki. Jaza mchanga kwenye kiroba, funga kamba katikati yake, zika sentimita 40, shindilia kwa mguu. Barafu na Loiyangalani tumia mawe ya kilo 10 kwenda juu, lakini usizungushe kamba moja kwa moja kwenye jiwe la volkano, litaikata kabla ya asubuhi. Ipitishe kwanza ndani ya kipande cha mpira wa maji.