Helikopta za mazoezi ya jeshi zinatumalizia karafuu na mifugo huku kaskazini ya Pemba, na kila ofisi inaturusha kwa nyengine

Assalaam alaikum waungwana. Nilikuwa najizuia, maana huku kwetu ukiandika neno moja kuhusu wenye magwanda kuna watu wanakuuliza una chama gani. Katika hili sina chama. Nina jamvi la karafuu ambalo sasa lina mchanga kuliko karafuu.

Jana baada ya Adhuhuri zilikuja helikopta mbili za kijani kutoka upande wa baharini, chini chini, minazi inainama. Ya kwanza ikapita. Ya pili ikasimama juu ya uwanda nyuma ya nyumba zetu, ikawa inashuka, inapanda, inageuka, inashuka tena. Ambaye hajawahi kusimama karibu na kitu kile hajui upepo wake. Helikopta haining'inii angani bure: inasukuma hewa chini kwa nguvu inayolingana na uzito wake wote, na hewa hiyo ikigonga ardhi inatawanyika pembeni na kubeba kila ilichokikuta. Ilizikuta karafuu zetu. Zilikuwa zimeshakaza, zimeshageuka rangi, ukiivunja kwa kidole inatoa mlio, bado jua la siku moja tu ziende kupimwa. Zikaruka majanini, zikaingia kwenye zizi la mbuzi, nyengine zinaelea kisimani mpaka sasa. Makonyo, vile vikonyo vya karafuu, tuliyokesha kuyachambua yakarudi ndani yake. Mama yangu mzazi alijilaza kifudifudi juu ya jamvi moja ili aliokoe, na juu yake yule rubani anaendelea tu na zoezi lake. Sijui kama alimuona. Nataka kuamini kwamba hakumuona.

Kwa ndugu wa bara ambao karafuu wanaijua kwenye pilau tu: mchumaji analipwa kwa pishi siku ile ile aliyochuma, hata mwenye mikarafuu hajaona shilingi. Pesa ile nimeshaitoa, nyengine nimekopa. Sasa karafuu ikiwa na mchanga na makonyo inashushwa daraja, na ikiwa imenyeshewa kwa sababu ulichelewa kuianika upya, inaota ukungu, na hapo hata daraja la mwisho ni bahati. Mwizi angeichukua ningekwenda polisi. Kwa hili niende wapi?

Na mimi ndiye mwenye nafuu. Mjomba wangu alikuwa na ng'ombe jike mwenye mimba, kamfunga kamba uwandani kama siku zote. Ule mlio ulipokuja alikata kamba akakimbilia kwenye majabali, mguu ukaingia kwenye ufa, ukavunjika. Ilibidi achinjwe pale pale asije akawa nyamafu. Ndama akatolewa tumboni akiwa na manyoya yake kamili. Mjomba hajasema neno tangu jana, na kwa wanaomjua hilo ndilo la kutisha.

Hii si mara ya kwanza. Zimekuwa zikija na kupotea, zinakuja tena, na kila zikija zinashuka chini zaidi ya mwanzo. Hakuna barua iliyoletwa kwa sheha, kiongozi wa Serikali wa hapa mtaani, hakuna tangazo msikitini, hakuna aliyepita na kipaza sauti kusema kesho fungeni mifugo yenu mbali. Gari la chanjo ya mbwa linatangazwa. Kukatika kwa umeme siku hizi kunatangazwa. Helikopta ya jeshi kushuka juu ya mapaa ya watu ndiyo siri.

Nakwenda kwenye lile jibu tulilopewa tulipolalamika, linalonichoma zaidi: "Pale ni ardhi ya Serikali, hapana mtu." Hapana mtu! Waliosema hivyo hawajawahi kushuka kwenye gari. Uwanda huo ni mawe, kweli, hauoti karafuu. Lakini ndiko tunakofunga ng'ombe, ndiko tunakokata kuni, kuna matanuri ya chokaa, na kuna kina mama wanaokaa juani kutwa nzima wanagonga kokoto kwa nyundo ili nyumba za mjini zimwagwe zege. Katikati ya mawe kuna vijishamba vya mtama na muhogo. Nyuma yake, ufukweni, wamo wanawake wa mwani. Asiyewaona hao hakutaka kuwaona.

Halafu hiyo "ardhi ya Serikali" ina maana gani hapa Zanzibar? Sheria ya Umilikaji wa Ardhi, Namba 12 ya 1992, inasema ardhi yote ya visiwa hivi ni ardhi ya umma iliyo chini ya dhamana ya Rais wa Zanzibar. Yote. Hata zile eka tatu alizopewa babu yangu baada ya Mapinduzi zimo. Kwa hoja hiyo helikopta inaweza kutua kitandani kwangu na nikaambiwa hapana mtu.

Sasa sikilizeni safari ya malalamiko. Sheha, Mungu ampe subira, alisema yeye naye ameziona angani kama sisi. Tukapanda ofisi ya juu yake. Tukaambiwa ulinzi na usalama ni jambo la Muungano, wao hawana mamlaka nalo. Ni kweli, limo kwenye orodha ya mambo ya Muungano ndani ya Katiba, sibishi. Tukaenda kwa wanaohusika na upande huo. Wakatuambia, kwa adabu kabisa, kwamba masuala ya ardhi, mazao na mifugo si ya Muungano, turudi Serikalini kwetu. Nalo ni kweli! Kila mmoja ana kifungu chake mkononi na kila mmoja amesema kweli, na ng'ombe wa mjomba ameshaliwa. Sitaitaja ofisi yoyote hapa. Kijana mmoja aliyetupokea alikuwa muungwana mno, alituandikia mpaka jina la bosi wake kwenye kipande cha karatasi, kisha akatuambia bosi yuko Unguja kikaoni.

Mtoto wa dada yangu anayesoma mambo ya ndege akanipa somo jengine. Ndege ya kiraia kwa kanuni za kimataifa haitakiwi kushuka chini ya mita 150 kutoka ardhini, na juu ya makaazi yenye msongamano haitakiwi kushuka chini ya mita 300, isipokuwa inatua au inapaa. Nikafurahi, nikasema basi tumeshawakamata. Akanicheka. Mkataba wa Chicago wa 1944, ule unaoongoza usafiri wa anga dunia nzima, kifungu cha 3 kinasema wazi hauhusu ndege za dola, yaani za jeshi, forodha na polisi. Kwa hiyo ndege ya watalii ikitupitia chini tunaweza kulalamika kwa kanuni. Inayoturushia karafuu haimo humo.

Na mazingira je? Mtu akitaka kujenga hoteli ufukwe wa Vumawimbi anadaiwa tathmini ya athari za mazingira mpaka ajute. Tuna sheria ya mazingira ya 2015 yenye kurasa kibao. Sisi wenyewe tulikatazwa kupiga popo. Popo wa Pemba hawapatikani pahala pengine popote duniani, na mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa karibu kumalizika kwa kuwindwa na kukatiwa miti. Watu wakaja vijijini, wakatusomesha, vijiji vikasikia. Leo mtalii analipa kwenda Kidike kuwaangalia wamening'inia mchana. Popo analala mchana, jamani. Mtoto akirusha jiwe kwenye miti yao anagombezwa na kijiji kizima. Je, helikopta ile ikienda kusimama juu ya msitu wa Ngezi, nani atamgombeza rubani?

Kuna jambo zito zaidi na nitalisema kwa ufupi. Wapo watu wazima huku wanaokumbuka Januari 2001, yale maandamano ya baada ya uchaguzi, siku ambazo watu walipoteza maisha na wengine wakapanda vyombo usiku kukimbilia Shimoni, Kenya. Mtu wa aina hiyo akisikia mlio wa jeshi juu ya paa lake haulizi kama ni zoezi. Jirani yangu mmoja, bibi mwenye presha, aliwavuta wajukuu akajifungia nao ndani mpaka Maghribi. Hakuna aliyemwambia lolote kabla wala baada. Barua ya ukurasa mmoja ingetosha kumlaza bibi yule kwa amani.

Watoto nao kwa upande wao wameshageuza tamasha. Mlio ukisikika skuli, darasa zima liko nje linapunga mikono. Mwalimu wa chuoni aliniambia ameacha kushindana nao, anafunga msahafu anasubiri ipite.

Naona wengine wameshaanza, "nyinyi hamtaki jeshi lijifunze?" Tunataka. Nina ndugu wa damu humo humo jeshini. Rubani asiyefanya mazoezi ni hatari kwa kila mtu, tena akija kuokoa watu chombo kikizama baharini nitataka awe amejifunza kweli kweli. Ninachouliza ni kwa nini ajifunzie juu ya jamvi langu katikati ya msimu wa karafuu, wakati kuna miezi mikarafuu haina kitu na majamvi yamekunjwa dari.

Na msiniambie hatari ni ya kufikirika. Kisiwani Okinawa, Japani, kuna kijiji kinaitwa Takae, watu kiasi cha 150 tu, pembeni ya msitu. Tangu 2007 walikaa barabarani kupinga viwanja vya helikopta za jeshi la Marekani kujengwa kuwazunguka. Viwanja vilimalizika hivyo hivyo mwishoni mwa 2016. Oktoba 2017 helikopta kubwa ikashika moto, ikatua kwa dharura na kuteketea kwenye shamba la malisho la mkaazi mmoja wa hapo hapo. Desemba ya mwaka ule ule, kisiwa hicho hicho, mjini Ginowan, dirisha la helikopta likachomoka na kuanguka kwenye uwanja wa skuli ya msingi, watoto wamo uwanjani. Na hapo Kenya, Machi 2021, moto ulizuka Lolldaiga, Laikipia, kwenye mazoezi ya wanajeshi wa Uingereza, ukala maelfu ya ekari. Wakaazi walikwenda mahakamani. Wao angalau walijua wanamshitaki nani.

Madai yetu si makubwa. Tupewe taarifa kwa maandishi kupitia kwa sheha, wiki moja kabla, siku na saa. Msimu wa kuanika, wasisimamishe chombo karibu na nyumba, waende upande ambao hapana majamvi, na huo upo, tuko tayari kuwaonesha kwa miguu. Skuli na misikiti waziache mbali. Na atajwe mtu mmoja, mwenye simu inayopokelewa, wa kupeleka hasara kama ya mjomba ikathaminiwa na kulipwa. Mtu huyo awe wa Muungano, awe wa Zanzibar, kwetu ni mamoja.

Picha za karafuu na za ng'ombe ninazo, mashahidi ninao, tarehe nimeziandika. Kama humu kuna mwanasheria, naomba anijibu suala moja tu: dai la fidia la namna hii linafunguliwa mahakama ipi, ya huku au ya Muungano, na anayeshitakiwa aandikwe nani? Wale wa "Wapemba mnapenda kulalamika" nawaomba wapite mlango wa pili, leo sina nafasi nao, nakwenda kupepeta mchanga.